Siku Chumba Changu Kiliponukia Msiba

Chumba changu cha kwanza mjini Tabora kilinuka ukungu kiasi kwamba panya walikuwa wakifika mlangoni, wanachungulia, wanakwenda kwa jirani. Kilikuwa chumba cha uani katika nyumba ya udongo ya bibi mmoja mjane, Mwislamu wa pale pale mjini, ambaye utotoni aliwahi kuwaona wapagazi wa misafara wakitua mizigo barazani kwao. Sisi tulikuwa Wakristo wa shamba kutoka Ziba, mimi na mke wangu niliyemwoa mwaka uleule. Mchana nilibeba mizigo stesheni, jioni nilisoma shule ya usiku.

Mvua zilipokolea, mke wangu akaanza kukohoa, naye alikuwa na mimba. Baba yake akaja kumchukua. Hakupandisha sauti.

"Mkwe," aliniambia, "nilikupa binti, sikukupa uyoga. Namrudisha nyumbani apumue. Mwezi ukiandama nitakuja kukitazama chumba hiki. Nikikuta kinanuka hivi, atajifungulia kwangu, halafu tutazungumza."

Hilo la kuzungumza ndilo lililoninyima usingizi. Kwetu, mzee akisema mtazungumza, ujue mazungumzo yameshakwisha na wewe hukuwepo.

Nikajaribu kila kitu. Nilifagia mpaka sakafu ikapungua kimo. Nilichoma majani ya mkaratusi, nikalia machozi ya kujaza ndoo, na ukungu ukabaki palepale umetulia kama mwenye nyumba. Ndipo nikakumbuka somo la afya. Mwalimu wetu wa usiku alitufundisha kwamba mafuta ya mimea yenye harufu kali hufukuza uvundo. Nadhani alitaja pia habari ya matone machache, ila hapo nilikuwa nimesinzia.

Siku ya kuja mkwe nilidamka kwenda sokoni kwa mzee muuza manukato. Nikamwambia nataka vitu vikali kupita vyote, vya kuondoa harufu chumbani, na nina haraka, viwe tayari kabla ya adhuhuri. Akanitazama kwa huruma. Akanifungia mafuta ya karafuu, kafuri, marashi ya waridi na kipande cha udi, wala hakungoja tupatane bei.

"Pole sana, mwanangu," akasema.

Nikajiambia, watu wa mjini wana adabu, hata ukungu wanautolea pole.

Nilirudi nikamwaga vyote. Karafuu ukutani, marashi kitandani, kafuri kila pembe, udi nikaufukiza kwenye chetezo mpaka moshi ukatoka nje ukitafuta pa kupumua. Harufu ile, nakuhakikishia, ilifika mpaka mtaa wa Kitete na kurudi.

Mtu wa mjini angenizuia mapema. Bibi mwenye nyumba alikuwa na homa, amelala chumba cha mbele siku kadhaa, na mtaa mzima ulijua. Kafuri, waridi na udi vikitoka pamoja katika nyumba yenye mgonjwa mzee, maana yake maiti inaoshwa. Mimi mtoto wa wafugaji nilijua harufu ya samli na ya moshi, basi.

Akaingia jirani wa kwanza, khanga kichwani, akaketi uani analia taratibu. Wakafuata wengine. Wanaume wakatandika mikeka barazani. Sikuthubutu kuuliza kitu. Nilidhani bibi kweli ametutoka, nikavua kofia, nikaanza kulia nami. Walishafika hata vijana na majembe na sururu wakati mlango wa mbele ulipofunguka na bibi akatoka, amejifunga shuka, anashikilia ukuta.

"Nani amekufa?" akauliza.

Waombolezaji wakatazamana. Mwishowe mzee mmoja akasafisha koo. "Wewe, dada."

"Mimi? Mbona sikuambiwa?"

"Tumesikia kafuri."

Bibi akanusa. Wote wakanusa. Kisha nyuso zote zikanigeukia, nami nina chupa ya marashi mkononi. Na nyuma yao, ameteremka kwenye lori sasa hivi, amesimama baba mkwe, kofia kifuani.

Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Bibi alicheka kidogo, akakaa kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe.

"Mmekuja na majembe kunizika," akasema, "msirudi nayo masafi. Maji ya bafuni yanatuama nyuma ya ukuta wa huyu mtoto. Chimbeni mfereji. Na wewe, mjukuu wangu, uvundo haupakwi mafuta. Unatolewa kwanza."

Wakakitoa kitanda nje. Godoro langu la sufi lilikuwa na ukungu wa kijani kwa chini, ungeweza kulisha mbuzi. Likachomwa. Vijana wakachimba, na baba mkwe akavua koti, akachukua jembe bila kuombwa. Kina mama wakakwangua ukuta, wakaingiza jiko la mkaa ukauke, na mwisho mmoja wao akaupangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto na karafuu kidogo iliyosalia chupani.

Baba mkwe alilala humo, juu ya mkeka. Asubuhi nikampelekea uji.

"Kinanuka bado," akasema. Nikautua uji chini. "Kinanuka duka la manukato. Hilo litakwisha. Lakini jana nimeona mtaa mzima umeacha kazi kwa ajili ya kikongwe asiye na mtoto. Binti yangu akishikwa na uchungu nawe uko stesheni, napenda awe mahali pa namna hii."

Wiki hiyohiyo lori likamleta mke wangu, na kuku wawili na godoro jipya. Akaingia chumbani, akasimama katikati, akavuta pumzi ndefu. Mimi na bibi tulikuwa mlangoni, tunasikiliza kifua chake.

Hakukohoa. Akauliza kuku walale wapi.