Duru ya Pili

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali inayowasha macho, namwona baba amekaa ukingoni mwa kitanda kule Lidcombe, ughaibuni tulikohamia, suruali kaikunja juu ya goti, anajisugua. Alikuwa ametoka kazini hospitali ya Westmead, kuinua wagonjwa zamu nzima. Lakini ukimuuliza goti liliharibikia wapi, hakutaja wagonjwa. Alitaja duru ya pili.

Duru ya pili tuliijua nyumbani kama sala ya Baba Yetu. Baba alitoka Kakamega akaenda kusoma Marekani, chuo kidogo cha mashambani, akacheza mpira wa kikapu. Mwaka mmoja, msimu ulipoisha, timu yao ikaingia kwenye mashindano ya vyuo. Mechi ya kwanza walishinda. Ya pili walifungwa kwa pointi moja, na aliyekosa mtupo wa mwisho alikuwa yeye. Hadithi hiyo aliitoa kanisani kila alipopewa nafasi ya ushuhuda, na waumini waliitikia amina penye kushindwa kama penye kushinda.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kanisa liliunda timu ya watoto icheze na jamii nyingine za Waafrika. Baba alitufanyisha mazoezi wiki tatu akingoja kuthibitishwa kuwa kocha. Sikuwahi kumwona na furaha ile. Alipiga pasi hata kaptura. Kisha akateua wachezaji, akaniacha.

"Wewe mami, mwendo wako ni wa kwenda sokoni," aliniambia mimi bintiye mbele ya wenzangu. "Utatubebea maji."

Walicheka. Nilicheka pia, nikarudi nyumbani nikachukua simu ya mama.

Nilipata orodha ya mashindano ya vyuo vya Marekani, kila mwaka, kila timu, nani alimtoa nani. Nilikitafuta chuo cha baba toka juu hadi chini. Hakikuwamo. Nikarudia polepole, kwa raha, kama mtoto anayelamba sukari. Siwezi kusema sikujua ninalofanya. Nilijua vizuri sana.

Jumapili, ibada ilipokwisha, tulikusanyika ukumbini kwa chai na mandazi. Mwenyekiti wa kanisa alishika filimbi mpya ya kocha.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema. "Ndugu yetu alifika second round huko Amerika. Kuna mwenye neno kabla tumpatie hii?"

Aliuliza kama mchungaji anavyouliza harusini, bila kutaka jibu. Nikasimama.

"College ya Dad haiko kwa list," nilisema. "Nimecheck miaka yote. They never made it."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Baba alinitazama.

"Kaa chini, mami," alisema tu.

Mwenyekiti alirudisha filimbi mfukoni akasema jambo hilo litaangaliwa. Baada ya wiki moja filimbi akapewa mwingine. Watu walinong'ona kwamba anayedanganya madhabahuni juu ya mpira hashindwi kudanganya juu ya mengine. Baba hakunipiga wala hakunikaripia. Aliacha kutoa ushuhuda, na mpira akampa jirani. Nami nilijiona mshindi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwaka jana ndipo nilipogundua kwamba vyuo vidogo vya Marekani vina mashindano yao na orodha yao. Ile niliyoisoma utotoni ilikuwa ya vyuo vikubwa. Nikafungua hii nyingine, na chuo chake kimo: duru ya kwanza ushindi, ya pili wamefungwa kwa pointi moja. Siku ile angesema neno moja tu, "vidogo", angeokoka. Labda alilionea aibu. Labda hakutaka ukumbi unione mjinga. Nilichelewa kumuuliza.

Niliichapa orodha ile nikampelekea baba. Siku hizi kichwa chake hakishiki mambo. Humtafuta mama, ambaye tulishamzika, na mimi huniita sista, kama muuguzi. Nilimchua goti kwanza, kisha nikamsomea matokeo yote. Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Hapana, sista," alisema. "Hatukufika. Msichana wangu alicheck miaka yote."