Sentimita Tano za Mnara

Chuoni walimwita Mnara, na kwa miaka minne hakuna aliyeuliza mnara huo umejengwa juu ya nini. Ulijengwa juu ya raba. Kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya wasichana alikuwa na mazoea ya kuwapima wachezaji wake wakiwa na raba miguuni na soksi mbilimbili, kisha anaongeza kidogo kwa ajili ya nywele. Alisema kila chuo kinafanya hivyo, na atakayeandika ukweli ataonekana mfupi peke yake. Ndipo karatasi ya vipimo vya Mnara ikasema mita moja na sentimita themanini na tisa.

Mama yake, fundi cherehani, aliisoma akacheka mpaka ikabidi atoe pini mdomoni. Ndiye aliyemshonea suruali zote, na tepu yake haikuwa na urafiki na mtu. "Wewe ni themanini na nne, mwanangu," alisema. "Hizo tano ni za kocha wako. Azivae mwenyewe."

Siku ya kusaini na klabu ya kulipwa, wakamvua raba.

Ofisi ilikuwa chini ya majukwaa, inanuka dawa ya misuli. Daktari wa timu alishusha kibao cha kipimo mpaka utosini, akasoma, akasoma tena. Meneja akauvuta mkataba upande wake wa meza kama mtu anayeondoa sahani mgeni hajashiba. Akasema hana ugomvi, ila nafasi ya chini ya kikapu hawezi kumpa. Atakuwa wa mazoezi tu, bila jezi ya mechi, mwaka mzima, halafu wataona.

Mnara aliwajua wasichana wawili waliokubali "tutaona" ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuonekana.

Hakubembeleza. Meneja alikuwa amepata kasoro moja na alitaka kushushia bei mzigo mzima. Basi Mnara akatafuta alichokuwa nacho upande wa pili, akakumbuka malalamiko ya mama yake tangu akiwa shule ya msingi, kwamba mashati yake yanamaliza kitambaa kwa sababu mikono haijui pa kuishia.

"Karatasi ilidanganya, sawa," akasema. "Sasa pimeni mikono. Au huku kwenu, bosi, mpira ukigonga ubao ukarudi unadakwa kwa utosi?"

Daktari akacheka kabla hajajizuia. Meneja akasema huo si utaratibu. Mnara akamwambia amwite mchezaji wake wa chini ya kikapu, wapimane mikono. Akishindwa naye, atasaini hiyo ya mazoezi hapohapo.

Akaja nahodha, mwenye nafasi hiyo, amemzidi kimo kwa kiganja kizima. Wakapakwa chaki vidoleni, wakasimama peku ukutani, wakanyoosha mkono bila kuruka. Alama ya Mnara ikakaa vidole viwili juu ya ile ya nahodha. Nahodha akaitazama sana. "Huyu msimwache akavae jezi ya wengine," akasema, akarudi mazoezini.

Meneja akaurudisha mkataba wa kwanza, na kalamu juu yake. Mnara hakuigusa. Aliweka kidole kwenye mstari wa urefu, akataka paandikwe themanini na nne. Meneja akamwonya kwamba timu zote zinaongeza, na yeye ndiye atakayeonekana kibeti wa ligi.

"Wacheke sasa hivi," akasema. "Chini ya kikapu hawatapata nafasi."

Meneja akafuta, akaandika upya. Mnara akasaini angali peku, ndipo akadai raba zake.