Fundi Kisogo

Aliyempachika jina la Fundi Kisogo hajulikani, ila alikuwa na macho. Ukiingia kwenye duka lake la ushonaji, cha kwanza kukukaribisha kilikuwa kisogo chake. Cherehani ilielekea ukutani, mgongo wake ulielekea mlangoni, na salamu yako ilijibiwa na kitambaa cha kichwani. "Karibu, weka mezani, sema unataka nini." Hajageuka. Akija kukupima, macho yake yalifuata utepe: bega, kifua, kiuno, basi. Juu ya shingo hapandi ng'o. Kuna wateja aliowashonea miaka na miaka ambao angepishana nao barabarani asiwajue, mpaka wampite aone mabega.

Na kioo je? Hakuna. Fundi wa nguo asiye na kioo, umewahi kusikia wapi? Bibi harusi mmoja alijaribu gauni lake katikati ya duka, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akauliza, "Sasa mimi nitajuaje kama limenikaa?" Fundi akajibu, "Limekukaa. Lisingekukaa ningekwambia." Dada wa watu akaondoka akinung'unika, na siku ya harusi kila mtu akamuuliza kashonewa wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walilalamika, wakarudi, maana mkono wake haukuwa na mfano.

Walisema anaringa. Walisema mafundi wote wana kiburi, huyu kazidisha tu. Hakuna aliyejua kwamba mwanamke yule alikuwa anaogopa, tena anaogopa uso mmoja peke yake, na uso huo ndio aliokuwa nao.

Alizaliwa pacha. Dada yake alitangulia kutoka, akabaki kuwa mkubwa maisha yote, na alijua kuutumia ukubwa huo. Walifanana mpaka baba yao akakata tamaa, akawaita wote "wewe." Dada akaolewa, akazaa binti, na binti alipoanza kutamka maneno, homa ikampiga dada, naye akaipa dunia kisogo. Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu na vilio kila kona. Mtoto akachoropoka mikononi mwa shangazi yake, akapenya katikati ya miguu ya watu, akamkumbatia fundi magotini. "Mama!" Halafu akacheka. Mtoto alicheka, jamani, na mama yake yuko chumba cha pili amefunikwa shuka! Nyumba nzima ikanyamaza. Fundi akaona mlango wa kile chumba uko wazi kidogo, na moyoni mwake likaingia neno ambalo hakuna aliyelitamka: mwizi.

Alimlea yule mtoto, maana baba mtu alikwenda zake kuoa kwingine na hakutazama nyuma. Alimlisha, akamvisha, akamsomesha, akakesha naye akiumwa. Ila uso hakumpa. Alimwogesha kwa nyuma, alimsuka kwa nyuma, alimlisha huku anatazama kijiko. Na mtoto akisema "Mama," yeye alimalizia papo hapo, "Mdogo." "Mama..." "Mdogo." "Mama, nina njaa..." "Mdogo. Chakula kiko jikoni." Mtoto akazoea. Akawa akiita anaacha nafasi kidogo ili neno lile lipite, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Vioo akaviondoa vyote. Wewe ukijiangalia kwenye kioo unaona nywele zimetimka au jino limetoboka. Yeye alimwona marehemu, ameinamisha kichwa upande, namna alivyokuwa akifanya dada akiwa na swali. Na swali lenyewe lilijulikana. Mwanangu yuko wapi? Unamfanya nini? Lakini utaondoa vioo vingapi? Dunia imejaa vitu vinavyong'aa. Alimwona kwenye dirisha la benki jirani na duka. Alimwona kwenye mfuniko wa sufuria. Alimwona ndani ya beseni la maji, akaacha kunawa uso, akawa anajipangusa na kitambaa. Kuna siku alimnong'oneza pale kwenye dirisha la benki, "Yuko salama, dada. Kafaulu mtihani," akapita haraka mlinzi asije akamdhani kichaa.

Na kilichomtisha kuliko yote ni hiki: marehemu alikuwa anazeeka. Wafu hawazeeki, hata mtoto anajua. Picha ya mfu ukutani inabaki na umri uleule wewe ukiendelea kukunjamana. Huyu kila mwaka aliongeza mikunjo, aliota mvi, mashavu yakamlegea. Maana yake hajaenda popote. Maana yake yupo mahali na anasubiri.

Sasa yule binti amekuwa mtu mzima, nesi, na amepata kazi ng'ambo, mkataba mrefu. Safari imekaribia. Fundi alikuwa anamshonea koti zito la huko kwenye baridi, na binti akaja dukani akasimama nyuma yake, mahali wanaposimama wateja.

"Mama..."

"Mdogo."

"Koti nitalichukua na asante. Lakini zawadi ninayoitaka ni nyingine. Kuna kambi ya utulivu mwisho wa wiki. Nataka twende wote."

"Utulivu huu wa hapa haukutoshi?"

"Hapa tunanyamaziana tu. Kule watu wanajifunza kuwa pamoja. Mtu anakaa na mwenzake, anamwona, anamsikiliza, hakimbii."

"Na mimi nimekimbia wapi? Si niko hapahapa siku zote?"

"Hujawahi kunitazama," binti alisema. "Hata siku moja. Sikutishi, wala sitaki tugombane. Lakini nikiondoka hujanitazama, sitarudi. Nitakuwa narudi kwa nani?"

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. Kitambaa kilikuwa kimeshapita, na sindano ilikuwa inatoboa hewa.

Akaenda, kwa shingo upande. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba kubwa nje ya mji, yenye bustani na ukumbi wa madirisha marefu. Viti vya plastiki vilipangwa viwiliviwili, vinatazamana, magoti karibu yagusane. Simu zilikusanywa kwenye kikapu. Mwezeshaji alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, anatembea na soksi bila viatu. "Hapa hatufumbi macho kila mtu na dunia yake," alisema. "Unatulia ukiwa na mwenzako. Unapumua, unamtazama, unasema unachokiona. Unachokiona, si unachokidhani."

Fundi alipangwa na dereva wa lori, mtu mpana, mwenye aibu. "Mimi nimeletwa," dereva alijitetea mapema. "Mke wangu kasema nikirudi vilevile nilivyokwenda, nilale kwenye lori."

"Ninachokiona," fundi alianza, "bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia. Na hilo shati limekatwa vibaya kwapani."

"Mama, mimi niko huku juu."

Watu wakavunjika mbavu. Fundi akajikaza, akapanda na macho mpaka mahali, akakwama. "Una kidevu," alisema.

"Afadhali," dereva akasema. "Nilishaanza kuingiwa na wasiwasi."

Hata fundi alicheka, akiwa ameinamia mapaja yake. Lakini jua lilipoanza kuzama, bustani ikawa giza kabla ya ukumbi, na madirisha yale marefu yakageuka. Watu wote waliokuwa ndani wakaonekana na nje pia, wameketi gizani. Na kati yao yupo dada. Ameketi na wenzake kama aliyejiandikisha, kichwa upande, anamwangalia. Fundi alikigeuza kiti chake akayapa madirisha mgongo, akamaliza kikao kizima na shingo inamwasha kwa kutazamwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ameshafunga begi lake. Binti alimkuta nalo mlangoni, akalichukua tu akalirudisha ndani, na wakaingia ukumbini.

Mwezeshaji akaeleza zoezi. Watu wawili wawili, wamesimama. Mmoja ni mtu, mmoja ni kioo. Mtu anasogea polepole, kioo kinamfuata kila afanyalo, hakuna kuongea. Fundi kusikia neno kioo tu, miguu ikaanza kutafuta mlango. Binti akamshika kifundo cha mkono, ule mshiko wa manesi ambao hauumizi lakini hauachii.

"Kioo nitakuwa mimi," alimwambia. "Mimi, mama. Nitakufanya nini?"

Kwa hofu aliyokuwa nayo, fundi alisahau hata kumalizia lile neno lake. Akainua mkono. Binti akainua wake. Mkono huo fundi aliujua: kucha fupi, ngozi imekauka kwa sabuni za hospitali. Akausogeza, ukasogea. Akapandisha macho kwenye kiwiko, kwenye bega, kwenye shingo. Pale alipozoea kukomea, akapiga moyo konde, akapanda.

Na dada yake alikuwa amesimama mbele yake. Si yule wa kwenye dirisha la benki, mzee mwenye mvi. Huyu alikuwa kijana, mwenye umri uleule aliokufa nao, anapumua, mshipa unampiga shingoni. Ametoka kwenye kioo. Kachoka kusubiri, katoka. Kisha taratibu, bila kuondoa macho, akainamisha kichwa upande.

"Acha!" Fundi alipiga ukelele uliosimamisha ukumbi mzima. "Acha hivyo! Nani kakufundisha kuinamisha kichwa hivyo? Hukumjua yule! Ulikuwa mtoto, hukumjua! Nani kakufundisha?"

Binti hakukiinua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alibaki vilevile. "Mimi ni kioo tu," alisema. "Nimekufuata wewe. Umeinamisha wewe."

Fundi akajishika shingo. Ilikuwa imeinama upande, kweli. Akainyoosha, na mbele yake kichwa cha binti kikanyooka.

"Ni kweli, mama," dereva wa lori akasema kutoka pembeni, kwa adabu. "Tangu jana unafanya hivyo. Mimi nilidhani shingo inakuuma."

Angejuaje? Mara ya mwisho kujitazama kwa raha zake alikuwa msichana, na siku hizo wakisimama wawili kwenye kioo kimoja ilikuwa vigumu kujua nani kafanya nini. Sasa akayakumbuka yote kwa mpigo, dirisha la benki, sufuria, beseni, giza la jana. Kote huko hakukuwa na mtu mwingine. Aliyekuwa anauliza mtoto yuko wapi ni yeye, na aliyekuwa anazeeka ni yeye. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima na heshima zake, akalia mpaka mwezeshaji akawatoa wenzao kwa ishara.

Alipopata sauti, alimwambia binti habari ya siku ya mazishi, habari ambayo hajawahi kumwambia mtu. "Ulicheka," alisema. "Uliniona ukacheka, na yeye yuko pale. Niliona nimemwibia mtoto kwa kufanana naye tu. Nikasema uso huu nisikupe. Ukiuzoea kwangu, utamsahau mwenyewe."

Binti aliketi naye sakafuni.

"Mama simkumbuki," alisema. "Nimejaribu sana. Hakuna kitu. Nakumbuka sikio lako. Nakumbuka hilo kovu chini ya sikio, ukikohoa linacheza. Na nikimwota mama, naota kisogo."

Hapo ndipo lilipomchoma. Uso alioutunza kwa ajili ya marehemu miaka yote ile, hakuna aliyeupata. Dada hakuupata, mtoto hakuupata. Alimshika binti mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kama anayesoma maandishi madogo, na kwa kweli hakujua wapi pa kuanzia.

Waliporudi mjini, fundi aligeuza cherehani. Wateja walioingia walisita mlangoni wakidhani wamekosea duka. Na siku moja kabla ya safari akanunua kioo, kirefu, cha kumwonyesha mtu mpaka viatu. Akakiegemeza ukutani, akamvalisha binti koti mbele yake, akasimama nyuma kurekebisha mgongo, pini zimejaa mdomoni.

Akainua macho. Kwenye kioo walikuwapo wawili: msichana ndani ya koti, na bibi mmoja mwenye mvi anayebana pini kwa midomo. Akamtafuta wa tatu. Akasubiri. Akainamisha kichwa upande, na yule bibi akainamisha, basi. Hakuna aliyeuliza kitu. Alikuwa amemwogopa dada yake miaka mingi, na miaka yote hiyo alikuwa naye, na leo dukani kwake, mchana, ndipo dada alipokufa. Uchungu ulimjaa kifuani mpaka akaomba kimoyomoyo aulizwe lile swali mara moja tu. Kioo kilimwonyesha bibi analia.

"Mama," binti akasema, akaacha nafasi kidogo, kama alivyozoea.

Fundi akazitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Nafasi ilikuwa bado wazi. Binti alikuwa ameshasimama upande, anasubiri lile neno lipite.

"Nakusikia," fundi alisema. "Geuka nikuone."