Kifua cha Mwakio

Moshi wa garimoshi ulikuwa na harufu ya mafuta yaliyoungua na chuma kilicholowa, na mwaka wa 1966 harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha kila alfajiri katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Voi. Baba alisafisha injini. Mama alifua nguo za watu, na masizi yalipotua juu ya shuka alizoanika alizifua upya bila kunung'unika, kwa kuwa kwao Wusi, kule milimani, moshi haukuwa adui. Huko mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uyakaushe, yasiliwe na wadudu. Ndiyo maana mdogo wangu Mwakio alipoanza kukohoa, nyanya, aliyekuwa ameteremka kututazama, aliagiza kitanda chake kisogezwe chini ya dirisha lililoelekea karakana. Moshi ungemkausha kifua. Kitanda kikasogezwa.

Jirani yetu Mama Mutua, mwenyeji wa Kitui, alisimama mlangoni akamtazama mtoto akihangaika kuvuta pumzi. "Mama Wakesho," alisema, "nyinyi Wadawida mkishamkausha huyu, mtampanda lini?" Mama alicheka kidogo. Jioni hiyo alimwomba baba ruhusa ya kumpeleka mtoto Wusi, kama daktari wa zahanati alivyokwisha kushauri. Baba alikataa, watu wa milimani wangesema mji umemshinda. Mshahara wake ukawa unaishia kwenye dawa, wenye shuka, kwa kuogopa kikohozi, wakapeleka nguo zao kwingine, na Mwakio akawa hawezi kumaliza kikombe cha uji bila kupumzika. Hapo ndipo baba aliposema, bila kumtazama mtu, "Mpelekeni. Wakesho aende naye, amlee."

Hivyo ndivyo nilivyoacha darasa la kwanza. Hewa ya Wusi ilimrudishia Mwakio usingizi, lakini si kifua kizima. Alipokua, kila mwajiri aliyempima alimkataa. Mimi nilirudi darasani Januari 1971, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikakaa dawati moja na watoto walionifikia kiwikoni.

Injini za moshi zimekwisha. Siku hizi ni malori yanayonguruma usiku na mchana mbele ya nyumba niliyojenga hapa Voi na marehemu mume wangu, na wanaouza chakula barabarani huyaita maendeleo. Mwezi uliopita mtoto wa mpangaji wangu alianza kukohoa. Mama yake alisema ni vumbi tu. Kodi ya chumba hicho ndiyo inayonilisha. Nilimwambia ahame, amtoe mtoto kwenye moshi huu. Chumba kingali kitupu, na malori hayajapungua.