Poire ya Mama Kadidja

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nasema vibaya, mwaka ule Chimène alikuwa bado kwao Isangi, hata posa haijapelekwa. Basi tuseme 2022, maana ndio mwaka upepo wa mvua uliangusha nguzo ya umeme pale Kabondo, na siku ninayoisimulia nguzo ilikuwa bado imelala barabarani. Mama Kadidja aliizunguka akiwa amepanda nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amekumbatia kifurushi, akimwambia mwenye baiskeli akaze miguu. Mke wa mwanawe, Chimène, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza.

Kadidja ni mtu wa Kasongo, kule Maniema, muuza mawese, mama asiyetupa hata kopo. Mkunga alikuwa ametuma habari mapema: familia ilete glavu, wembe, pamba, kitambaa cha mtoto, na poire mpya. Poire kila nyumba ya huku inaijua. Ni kibofu cha mpira chenye mdomo mrefu. Ukikibana kinatema, ukikiachia kinanyonya. Mtoto akifunga choo, anapigwa nayo lavement, maji yanapanda kwa nyuma. Mkubwa akiumwa mgongo, vilevile, ila ya mkubwa inatiwa tangawizi na pilipili. Kadidja aliposikia neno "mpya" alicheka.

"Kununua ingine ya nini, na mu nyumba iko?"

Akaisugua ya kwake kwa sabuni, akaifunga pamoja na pamba.

Katika chumba cha kuzalia alimkuta Mama Angèle, mkunga mwenyewe, na Mama Colette, mama mzazi wa Chimène, mwenye ulimi mkali wa watu wa mtoni.

"Bokilo," Colette alimpokea, maana ndivyo wakwe wa huku wanavyoitana, "watu wa Maniema munakuwaka na roho kidogo hivi? Unatetemeka sawa vile ni wewe unazala."

"Wacha nitetemeke, bokilo. Mutoto ni wetu sisi wawili, woga nitabeba peke yangu."

Hata Chimène alitabasamu. Kisha maji yake yakatoka, ya kijani, na Angèle akaacha kutabasamu.

"Mutoto amejisaidia ndani. Sukuma, mama. Usipumzike sasa."

Akatoka mvulana, rangi ya bluu, mikono imelegea. Hakulia.

Pembeni palikuwa na aspirateur, mashine yenye chupa na mpira, ambayo kazi yake ni kunyonya uchafu kooni mwa mtoto. Lakini bila umeme ilikuwa sanduku tu. Angèle hakuitazama hata. Alinyoosha mkono.

"Poire!"

Colette akachomoa kile kibofu kifurushini, akampa. Angèle akakibana, akakipeleka mdomoni mwa mtoto.

Hapo ndipo Kadidja alipokumbuka. Jumamosi tu alikuwa amekitumia mwenyewe, kwa mgongo wake, na pilipili ya kutosha. Sabuni ilipita nje. Ndani ya kibofu nani ameingia? Aseme mbele ya Colette? Habari ingefika Isangi kabla boti haijaondoka.

Mdomo wa mpira ukakaribia ule mdomo mdogo.

"Acha!" akapiga kelele. "Mama Angèle, acha! Iko na pilipili!"

"Pilipili?"

"Ni yangu. Ya lavement. Ya mugongo yangu."

Hakuna aliyecheka, hata Colette. Angèle alitupa poire chini, akavuta kwenye droo mpira mwembamba, wenyewe wanauita sonde. Ncha moja akaiingiza kooni mwa mtoto, nyingine akaitia kinywani mwake mwenyewe. Akanyonya. Akatema katika beseni. Akanyonya tena. Kadidja alikuwa amepiga magoti kwenye sementi, anasoma dua anayoijua tangu utoto, na dua inamkatikia katikati. Anaanza upya, inakatika palepale.

"Mama," Chimène aliita, "mbona halii?"

"Bado, mwanangu," Colette alimjibu. "Bado."

Mtoto akakohoa. Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye hasira. Colette akamwangukia Kadidja begani, wakalia wote wawili.

"Pilipili yako, bokilo, tutaiongea siku ingine."

"Ongea tu. Mpaka Isangi."

Angèle alikuwa bado anasukutua kinywa kwa maji ya ndoo wakati mwanamke mwingine, nyuma ya pazia, alipoanza kupiga kelele kwamba mtoto anakuja. Mkunga akajifuta midomo, akaenda. Umeme bado. Kadidja akaangalia ile droo iliyoachwa wazi: hamkuwa na sonde nyingine. Woga uliokuwa umemwachia ukamrudia wote. Akamfuata Angèle mpaka kwenye pazia, akauliza:

"Mama Angèle, na huyu, kwao walileta poire?"