Kengele Tuliyoimimina Bila Salamu

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya shaba, Kitengela, nilisimama mlangoni nikasalimia kwa sauti, kama nilivyofunzwa kwetu Vihiga. Hakuna aliyeitikia. Nikasema moyoni, watu wa huku wana maringo. Baadaye Fundi Mkuu, Mmaasai wa Ewuaso Kedong aliyependa salamu kuliko chai, alinieleza: "Sista, shaba ikishayeyuka, salamu inangoja. Ukiinua kichwa kuitikia, mguu umeenda." Sheria hiyo niliifuata mpaka nikastaafu.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza nakala za vitu vya kale. Unashindilia mchanga mpaka upate kalibu, yaani umbo la kumiminia shaba. Chungu cha shaba ya moto hubebwa na watu wawili, hatua zao zikienda pamoja. Mimi nilikuwa wa upande wa kushoto, na wanaume waliodhani hapo si mahali pa mwanamke walizoea tu.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu, Mkurugenzi wa karakana alituletea kazi ya kengele. Ile ya asili ilitoka kwenye jamhuri ndogo ya walowezi huko kusini mwa Afrika, jamhuri iliyokufa kabla watoto wake hawajaota meno yote. Ilikuwa kengele ya shamba: ikilia alfajiri, watu weusi waamke wakawalimie wengine. Sasa ilikuwa imepasuka, na makumbusho ya huko yalitaka nakala ya kutundika kijijini. Wajukuu wa wale waliolimishwa hawakuwa na hakika kama wanaitaka. Wakamtuma mzee wao aje aione, aseme ndiyo au la.

Alifika tukiwa tumeshainua chungu. Ndani ya ndege alikuwa amejifunza neno moja tu la Kiswahili.

"Hamjambo," akasema.

Kimya. Akarudia. Kimya. Nilimwona kwa pembe ya jicho akivaa kofia yake na kugeuka kuelekea getini. Roho iliniuma sana, lakini shaba haingoji mtu, tukaendelea kumimina.

Kalibu ilipojaa, Fundi Mkuu alikimbia na goti lake bovu, aproni ya ngozi ikimpigapiga, akamkuta getini. Sote tukafuata. Tulimsalimia mmoja mmoja, Fundi Mkuu akianza na "Sopa" ya Kimaasai na kuuliza habari za watoto, ng'ombe na mvua ya kwao. Mkurugenzi alitafsiri yote, pamoja na ile sheria yetu. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi.

Kengele ilipopoa na kusuguliwa, alirudi akaigonga mara moja, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Alisema kwa Kiingereza, nami nayaweka maneno yake kwa Kiswahili:

"Babu yangu aliitwa na kengele kama hii kila alfajiri, na hakuna aliyemsalimia. Nyinyi mmenikimbilia mpaka getini. Nitaipeleka. Lakini asubuhi haitalia. Italia jioni tu, watu waende nyumbani."

Vijana mkiniuliza kazi gani ninayojivunia, ni hiyo. Nakala yetu ilifanana na ya asili kwa kila kitu isipokuwa saa ya kulia.

Siku yangu ya mwisho, Fundi Mkuu aliamuru tanuri lisiwashwe. Nikapita kwa kila mtu nikimuaga kwa jina, na wote wakaitikia.