Redio ya Kukamulia

Watu wa Nakuru wakiona mwanamke wa umri wangu akiendesha pickup kuukuu, wanamwonea huruma. Wanadhani amefilisika. Siku moja pale kituo cha petroli kijana wa pampu aliniambia, "Pole, mathe, Mungu atafungua njia," na mimi ndio nilikuwa nimetoka kuipaka rangi upya, rangi ileile ya krimu iliyokuja nayo kutoka Japani. Nilimjibu vibaya. Hasira zangu haziko mbali. Baba alikuwa akisema nilizaliwa ngumi zikiwa zimekunjwa tayari.

Pickup yenyewe ilikuwa yake. Aliinunua miaka ya sabini, ikabeba ngano, ikabeba mitungi ya maziwa, ikabeba maharusi na majeneza ya Njoro nzima, mpaka siku moja ikagoma kabisa. Akaipandisha juu ya mawe nyuma ya ghala, na kuku wakahamia ndani. Alipofariki, mdogo wangu wa kiume alitaka iuzwe kwa kilo kama vyuma chakavu. Nikamwambia labda nife kwanza. Nikaivuta hadi mjini, nikafukuza kuku, nikaitengeneza polepole mpaka ikanguruma.

Hapo ndipo nilipojiunga na chama cha wenye magari ya zamani. Wote wanaume, wote wanajua kila kitu. Kila mwaka wana maonyesho hapo Nakuru, na mwaka huo nilitaka kuingia. Mwenyekiti alikuja kuikagua, akaizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mlango, akachungulia ndani. Katikati ya dashibodi kulikuwa na shimo la mraba.

"Boss," akaniambia, "redio iko wapi?"

"Haina."

"Bila redio ya wakati wake hupati kitu. Na tafadhali, usituletee hizi za bluetooth."

Nilitafuta redio hiyo mji mzima. Kila duka nililoingia nilionyeshwa kitu chenye taa za buluu zinazochezacheza. "Hii ni original, mathe." Original ya nini? "Original tu."

Na kumbe siku zote ilikuwa nyumbani kwetu Njoro. Nilijua iko pale, ila nilikuwa nimeizoea mpaka siioni. Baba alipoipandisha pickup juu ya mawe alichomoa redio, akaiunganisha na betri, akaiweka kwenye rafu ndani ya kibanda cha kukamulia. Kwetu huku wengi wanaamini ng'ombe akisikia redio anatulia na kushusha maziwa vizuri. Ikakaa hapo miaka na miaka, imepakwa mavi ya ng'ombe, imebandikwa manyoya ya kuku, inashika stesheni moja tu, na hiyo moja kwa kukohoa. Mama hakuwahi kukamua bila redio hiyo.

Sasa lazima niseme habari ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe huyo hakuwa ng'ombe tu. Baba alipoondoka, Mama alibaki peke yake. Mdogo wangu anafanya kazi kule Olkaria kwenye umeme wa mvuke, na amejenga nyumba Naivasha, vigae mpaka ukutani, na chumba cha Mama kiko tayari. Mama alilala huko mara moja. Akarudi akisema ni hospitali, imekosa tu nesi. Walibishana sana, mwisho wakakubaliana mbele yangu: maadamu ng'ombe anatoa maziwa, Mama anakaa kwake. Siku ng'ombe akikauka, anauzwa, na Mama anafunga virago kwenda Naivasha. Mama alikubali haraka. Alikuwa anamwamini ng'ombe wake kuliko anavyotuamini sisi.

Jumapili moja nikamleta mwenyekiti na wenzake wawili kunywa chai, nikawapeleka kibandani. Mwenyekiti alipoiona ile redio alivua kofia, haki ya Mungu. "Ndiyo yenyewe," akasema.

Nikamwomba Mama palepale. Alikuwa ameshika birika, akaliweka chini. "Chukua tu. Ni ya baba yenu." Halafu akaongeza, "Lakini sijui ng'ombe atasema nini." Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

Ng'ombe alisema. Wiki hiyohiyo Mama alinipigia simu. "Amefunga maziwa."

"Vipi?"

"Anageuka kuangalia rafu. Hakuna kitu. Anafunga."

Wiki iliyofuata, nusu ndoo. Nikamnunulia redio mpya, ndogo, ya memori kadi, nikaiweka mwenyewe juu ya rafu. Kesho yake nikaambiwa ng'ombe ameipiga teke. Nikauliza, rafu iko usawa wa kichwa changu, ng'ombe ameifikiaje? Mama akasema, "Amekasirika, we unauliza urefu wa mguu?"

Nilienda kuona kwa macho yangu. Kweli, ndoo ilikuwa nusu. Mama alikuwa mnyonge, ng'ombe anatafuna majani yake ya nepia kama hajui kitu, na kando yao ndama amenona anang'aa kama mtoto wa mwenye duka. Niliona yote hayo, na sikujiuliza kitu. Nilirudi mjini nikijisemea kwamba ng'ombe huzoea, apewe muda tu. Ukweli ni kwamba ile redio ilikuwa imeingia kwenye lile shimo kama meno kwenye ufizi, na sikutaka kuitoa.

Mdogo wangu akapata habari. Akanipigia, sauti yake ya upole ile ninayoichukia. "Dada, Jumamosi asubuhi naleta broka amwone ng'ombe. Mum atazoea Naivasha." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho.

Usiniulize kama nililala vizuri. Alfajiri niliwasha pickup nikashika barabara ya Njoro, nikitukana kila tuta. Nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda, hajakamua, kwa sababu broka alisema anataka kuona maziwa yakitoka. Mdogo wangu alikuwa amevaa viatu vyeupe kwenye matope, anaongea na simu. Broka, jamaa mnene wa kutoka Molo, alikuwa anampapasa ng'ombe mgongo kama ameshamnunua.

Mama aliniona, akaiona pickup, akasimama.

"Lete hiyo gari hapa. Mpaka mlangoni. Washa redio."

Nikairudisha nyuma nusura nivunje kibanda. Nikageuza kitufe. Kimya. Nikageuza tena. Kimya. Matuta yalikuwa yamechomoa waya. Nikainama chini ya dashibodi na gauni langu la maonyesho, kichwa chini, miguu nje, napapasa nyaya na kuomba Mungu aliyeumba umeme. Niliona Naivasha. Nilimwona Mama kwenye kile chumba cha vigae akiangalia ukuta, na ni mimi nimempeleka, kwa ajili ya shimo la dashibodi.

Nikashindwa. Nikajikokota nje nikamwambie.

Ndoo ilikuwa imejaa. Povu linamwagika pembeni, na Mama ameshavuta ndoo ya pili, anakamua kwa mikono miwili, chwaa, chwaa, chwaa. Broka amekodoa macho. Mdogo wangu ameshusha simu. Mama akanitazama kupitia chini ya tumbo la ng'ombe.

"Redio imewaka?"

Nikamwangalia, akaniangalia. Huyu ndiye mwanamke aliyetuchapa utoto wetu wote akituambia njia ya mwongo ni fupi.

"Imewaka, Mama."

"Nasikia," akasema, akaendelea kukamua.

Broka naye, masikini, akatega sikio, akatikisa kichwa kama anayesikia kitu kizuri. "Hii ng'ombe naichukua leo leo," akasema. Halafu akaitazama gari. "Lakini mathe, kama inakamuliwa hivi... pickup nayo inaenda na ng'ombe?"

Mama akainuka na ndoo zake. "Hakuna kinachoenda mahali." Akamgeukia mdogo wangu. "Tulikubaliana nini?"

Mdogo wangu aliangalia ndoo, akaangalia viatu vyake. "Anatoa maziwa, unakaa."

"Haya. Mpe mgeni wako chai, umrudishe Molo."

Walipoingia nyumbani nilibaki na Mama kibandani, anamfungua ng'ombe kamba za miguu.

"Mama, redio haikuwaka."

"Najua. Mimi si kiziwi."

"Sasa hayo maziwa siku zote yalikuwa yanaenda wapi?"

"Muulize ndama."

Nilimwangalia yule ndama, mnene, hana haya. Nikataka kucheka, nikataka kupiga kelele. Nikamwambia angehamishwa kwa mchezo huo, alikuwa anafikiria nini? Akasema alidhani nitarudisha redio wiki ya kwanza. Hakujua mtoto wake ana kichwa kigumu hivyo, ingawa alipaswa kujua, maana alikizaa yeye.

"Si ungesema tu hapana?"

"Ulikuwa na wageni." Akaviringisha kamba. "Halafu ulikuwa umefurahi. Wewe unafurahi lini?"

Nikaanza kufuta matope kwenye gauni.

"Baba yako," akaendelea, "mwaka ule wa mwisho alikuwa hawezi kukamua tena. Alikuwa anakaa hapo kwenye kigoda, anabishana na mtu wa habari wa redioni. Kila asubuhi. Mwongo wewe, mwizi wewe, mahindi hayajashuka bei. Alipoenda, nikaanza kubishana na mtu huyo mimi. Kule kwa nyumba sina wa kuongea naye, siku nzima nimenyamaza. Ni hapa tu naongea. Nikiambia watu hivyo watasema nimezeeka, nipelekwe Naivasha. Nikamsingizia ng'ombe. Yeye hakasiriki."

Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe na gauni langu zuri, na Mama akaniambia niache, namshtua ndama.

Nikachukua bisibisi, nikachomoa redio, nikaipangusa kwa kanga yake, nikairudisha juu ya rafu na kuiunganisha na betri. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu sauti ya mtu wa habari ikaingia, inasema serikali imewahakikishia wakulima kwamba mbolea ipo ya kutosha.

"Ipo wapi?" Mama akamfokea, huku anaokota ndoo. "Ipo kwenu?"

Nilifika Nakuru nimechelewa, gauni limechafuka, nanuka kibanda. Mwenyekiti alikuwa na kalamu na ubao wake. Akaizunguka pickup, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mlango, akaona shimo. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Boss! Redio iko wapi?"

"Iko kazini," nikamwambia. "Inabishana na mama yangu."